Kokoto Juu ya Bati la Mzee

Tongoni, kusini mwa jiji la Tanga, hakuna mtaa wa wastaafu wenye geti na walinzi. Mzee huzeekea kwake, na mara nyingi wanawe wako Tanga mjini au Dar es Salaam. Mlinzi wake ni jirani. Ndiyo maana kijana akirusha kokoto ikagonga bati la bibi usiku, kijana hucheka, bibi hukesha.

Tusichanganye mambo, msikilizaji. Utundu huu wa balehe si Panya Road, yale magenge ya vijana yaliyovamia nyumba kwa mapanga Dar es Salaam mwaka 2022. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtambua aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Akikosea arekebishwe, asiachiwe kundi lenye hasira. Lakini Sera ya Taifa ya Wazee nayo inataka mzee alindwe, na karatasi peke yake hailindi mlango.

Kazi ianze kwa mwenyekiti wa mtaa: awajue wazee wanaoishi peke yao, na namba ya polisi kata iwe kwenye simu zao. Vijana wapewe zamu ya kuwachotea maji na kuwasindikiza zahanati. Si rahisi kumtisha usiku bibi uliyemhudumia mchana. Nanyi wazazi, saa nne usiku mtoto yuko wapi? Aliyerusha kokoto mpelekeni wenyewe, aombe radhi na atengeneze alichoharibu.