Kilichozibwa Hakikomai

Dominika ya 18 ya Mwaka C
Masomo: Mhubiri 1:2, 2:21-23, Wakolosai 3:1-5, 9-11, Luka 12:13-21



Tunawasalimu nyote mnaotusikiliza asubuhi hii ya Dominika: ninyi wa Mtwara mjini na Mikindani, ninyi wa Msimbati, Kilambo na vijiji vyote vilivyo karibu na mlango wa Mto Ruvuma, pamoja na ndugu zetu wa ng'ambo ya mto. Tunawasalimu hasa wagonjwa na wazee ambao hawakuweza kufika kanisani, na makatekista ambao leo wataongoza ibada katika vigango visivyo na padre.

Injili ya leo inaanza na ugomvi wa urithi. Mtu mmoja anajitokeza katika umati na kumwomba Yesu amwamuru ndugu yake agawane naye mali. Bwana anakataa kuwa hakimu wa jambo hilo. Badala yake anasimulia mfano wa tajiri ambaye shamba lake lilizaa sana, akaamua kuzibomoa ghala zake na kujenga nyingine kubwa zaidi, kisha akae astarehe. Usiku uleule roho yake ikatakwa.

Tuangalie jambo ambalo mara nyingi tunalipita. Hatuambiwi kwamba tajiri huyu aliiba, wala kwamba alimdhulumu kibarua au alichezea mizani. Shamba lilizaa, basi. Kosa lake ni kwamba katika mipango yake yote hayumo mtu mwingine. Anazungumza na nafsi yake, juu ya mavuno yake, ghala zake na starehe yake. Hamtaji mke, mtoto wala jirani. Mungu aliyelizalisha shamba hatajwi hata kwa kumshukuru.

Ili tulielewe kosa hili vizuri, tumechagua mfano ambao huenda ukawashangaza baadhi yenu kuusikia kwa padre. Tutazungumza juu ya chupa kuukuu za wiski, na juu ya watu wanaozitafuta, wanaozikusanya, na pengine wanaozinywa.

Wiski ya Uskoti hutengenezwa kwa nafaka, hasa shayiri. Inapotoka mtamboni ni kali na haina rangi, kama maji. Hapo hutiwa katika mapipa ya mti wa mwaloni na kuachwa humo kwa miaka isiyopungua mitatu, na mara nyingi kumi, ishirini au zaidi. Ubao wa pipa huipa rangi na harufu, na ukali wake hupungua. Lakini ubao una vitundu vidogo sana, na kila mwaka kiasi cha asilimia mbili ya kinywaji hicho hupotea hewani. Waskoti hawanung'uniki. Hasara hiyo wameipa jina zuri: huiita fungu la malaika. Wanajua kwamba pipa lisilotoa fungu hilo haliwezi kukomaza kitu.

Siku wiski inapotiwa katika chupa ya kioo na kuzibwa, kukomaa kwake kunakoma. Wiski iliyokaa katika pipa miaka kumi na miwili, ikafungiwa kabatini miaka hamsini, inabaki kuwa wiski ya miaka kumi na miwili. Imezeeka, lakini haikukomaa.

Ndugu wapendwa, tulishike neno hilo, maana ndilo fundisho letu la leo: kinachotoa hukomaa, na kilichozibwa huzeeka tu.

Pamoja na hayo, dunia imeipa chupa iliyozibwa heshima kubwa. Tarehe 5 Februari 1941, wakati wa Vita Kuu ya Pili, meli iitwayo SS Politician ilikwama miambani karibu na Eriskay, kisiwa kidogo cha Uskoti ambacho wakazi wake ni wavuvi Wakatoliki. Ndani yake mlikuwa na chupa za wiski zipatazo 264,000. Wavuvi wa Msimbati hawahitaji kuelezwa kilichofuata, maana wanajua bahari inapotupa kitu pwani watu hawalali. Wakazi wa kisiwa wakachukua chupa usiku, wakazificha hata mashimoni, wakanywa pamoja, na baadhi yao wakafungwa gerezani kwa wizi. Hatuwasifu. Lakini tazameni kilichotokea mwaka 1987: chupa nane zilizotolewa katika mabaki ya meli hiyo ziliuzwa mnadani kwa pauni 4,000. Je, kulala katika maji ya chumvi kwa zaidi ya miaka arobaini kuliifanya wiski ile iwe tamu zaidi? La. Bei ilipanda kwa sababu chupa zilikuwa zimebaki chache.

Mwezi wa Novemba 2023, mjini London, chupa moja ya Macallan ya mwaka 1926 iliuzwa kwa zaidi ya pauni milioni mbili, yaani zaidi ya shilingi bilioni sita za Kitanzania. Kinywaji hicho kilikaa katika pipa miaka sitini, na mwaka 1986 zikatoka chupa arobaini tu. Anayenunua chupa kwa fedha kama hizo mara nyingi hainywi, maana siku atakapoifungua thamani yake imekwisha. Ana kinywaji asichoweza kukinywa. Naye Mhubiri, katika somo la kwanza, anatuambia kwamba hayo ni ubatili.

Tena ubatili huo una wadanganyifu wake. Mwaka 2017, katika hoteli moja ya St. Moritz nchini Uswisi, mgeni alilipa karibu faranga 10,000 ili anywe kipimo kimoja tu cha wiski iliyoandikwa kwamba ni ya mwaka 1878. Wataalamu walipoipima waligundua kwamba ilitengenezwa karibu mwaka 1970. Fedha zake alirudishiwa. Lakini tujiulize: ni mara ngapi sisi nasi tunalipia karatasi iliyobandikwa juu, bila kujua kilichomo ndani?

Pengine mtasema: "Baba, hayo ni ya Ulaya, sisi yanatuhusu nini?" Turudi basi Mtwara.

Wazee wanakumbuka Mpango wa Karanga ambao Waingereza waliuanzisha mwaka 1947 huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya karanga za Nachingwea ilitandazwa reli, ikachimbwa bandari ya kina kirefu hapa Mtwara. Mwaka 1951 mpango ule uliachwa, baada ya kuteketeza pauni zipatazo milioni 36, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikang'olewa. Tajiri wa Injili alikuwa walau amekwisha kupata mavuno alipofikiria ghala. Hawa walijenga kabla ya kuvuna.

Pamoja na Wazungu wa mpango ule ilikuja wiski yao. Wakati huo Mwafrika hakuruhusiwa kuinywa. Mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919 ulizuia pombe kali za biashara kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, na hapa Tanganyika sheria ilimkataza Mwafrika mvinyo mkali wa Kizungu hadi miaka ya 1950. Mtumishi wa nyumbani aliimimina katika bilauri ya bwana wake, lakini yeye asiionje. Hivyo chupa ile ikawa kwa watu wetu zaidi ya kinywaji. Ikawa alama ya ukubwa.

Tumepata kusikia habari za familia moja ya pwani hii, ambayo hatutaitaja. Baba yao alikuwa mtumishi katika nyumba ya Mzungu wakati bandari ikijengwa. Bwana wake alipoondoka alimwachia chupa moja ambayo haijafunguliwa. Mzee yule aliifunga katika kanga, akaiweka ndani ya sanduku la bati, na hapo ikakaa zaidi ya miaka sitini. Alipofariki, watoto wake wanne waliikuta. Mmoja alikuwa amesikia kwamba chupa za namna hiyo huuzwa kwa mamilioni, akataka ipelekwe Dar es Salaam. Wa pili alisema yeye ndiye mkubwa, hivyo ni yake. Wa tatu alitaka imwagwe, na wa nne alitaka ifunguliwe matangani. Ugomvi ukawa mkali hata wakaacha kusalimiana, na siku ya arobaini ya baba yao wawili hawakufika.

Hatimaye jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo iliwakutanisha mbele ya mama yao. Sanduku likafunguliwa. Chupa ilikuwa imelazwa miaka yote ile katika joto la bati. Mvinyo ulikuwa umekila kizibo kikawa kama unga, na kinywaji kilichosalia hakikufika nusu. Karatasi ya jina ilikuwa imeliwa na wadudu. Hapakuwa na cha kuuza. Ndipo mama yao aliposema: "Baba yenu aliniahidi kwamba tutaifungua siku atakapooa mtoto wetu wa kwanza. Mmeoa na kuolewa wote wanne. Kila mara alisema, bado."

Wapendwa, neno hilo "bado" ndilo neno la tajiri wa Injili. Ni furaha ngapi tumeziwekea kizibo tukisema bado? Ni samahani ngapi? Baba anampenda mwanawe, lakini hajamwambia. Ndugu wawili wanajua kwamba watapatana, lakini si mwaka huu. Chupa imo sandukuni, na kizibo kinaliwa polepole.

Wahenga walisema akiba haiozi, nasi hatuwapingi. Wakati huu mikorosho inachanua na wakulima wanapuliza salfa. Miezi michache ijayo korosho zitaingia ghalani, minada itafanyika, na fedha zitafika mikononi. Kuweka ada ya shule, bati la nyumba na chakula cha miezi ya njaa si choyo, bali ni busara. Akiba ina jina la mtu ndani yake: hii ni ya mtoto, hii ya mama mgonjwa. Choyo hakina jina isipokuwa langu. Mfumo wetu wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika katika korosho mwaka 2007, unaandika kilo za kila mkulima. Kila familia ijiandikie pia stakabadhi yake: kabla fedha haijafika, mume na mke waketi pamoja waandike ni za nani.

Maana msimu wa korosho ndio msimu wa mabibo, na mabibo huleta uraka. Uraka hauna tabia ya wiski. Ukiuweka siku chache unageuka, kama mana ya jangwani katika Kitabu cha Kutoka sura ya 16, ambayo iliingia wadudu ilipolazwa hadi asubuhi. Ndiyo sababu wazee wetu waliunywa kwa pamoja, ukiwa mbichi, na jirani akaitwa. Lakini siku hizi wako wanaoupika wakapata nipa, pombe ya moshi ambayo sheria inaikataza na ambayo imewaharibu vijana wetu wengi. Huyo naye hana jirani. Anakunywa peke yake, kuanzia asubuhi, hata fedha ya mnada inapokwisha. Mwenye kuificha chupa miaka sitini na mwenye kuimaliza kwa siku moja wanafanana kuliko tunavyodhani. Wote wawili wamebaki na chupa, wamempoteza mtu.

Kanisa halifundishi kwamba divai ni dhambi. Yoshua bin Sira, katika sura ya 31, anaisifu inaponywewa kwa kiasi, na katika sura hiyohiyo anaonya vikali juu ya ulevi. Kwa hiyo tunawaomba mambo matatu. Kwanza, asiyeweza kuacha baada ya kikombe cha kwanza asikiguse kabisa, na sisi wengine tusimlazimishe kwa kisingizio cha ukarimu. Pili, makatekista watembelee kabla ya msimu nyumba ambazo mwaka jana fedha zilileta ugomvi, wasingoje kuitwa. Tatu, kila mmoja wetu achague kitu kimoja alichokizibia, kiwe ni mali au ni neno la upatanisho, akifungue kabla ya Dominika ijayo.

Mtume Paulo, katika somo la pili, anautaja uchoyo kuwa ni ibada ya sanamu. Sanamu hiyo yaweza kuwa chupa kabatini, au kiwanja, au kisasi cha zamani tunachokitunza kwa uangalifu kana kwamba kinaongezeka thamani.

Tumtazame basi yule mwanamke wa Bethania, katika Marko sura ya 14. Alikuwa na chupa ya alabasta iliyozibwa, yenye marhamu ya thamani ya dinari zaidi ya mia tatu. Waliokuwapo walijua bei yake, wakakasirika. Yeye aliivunja, akaimimina yote juu ya kichwa cha Bwana. Mwinjili Yohane, anapotusimulia habari za kupakwa marhamu huko Bethania, anasema nyumba nzima ilijaa harufu yake. Siku chache baadaye Bwana mwenyewe alitwaa kikombe, akawapa wote wanywe, kisha akautoa mwili wake uvunjwe msalabani kwa ajili yetu.

Tumwombe atujalie mikono inayofunguka, na nyumba ambazo hazingojei msiba ndipo zifungue masanduku. Awabariki Mwenyezi Mungu, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.

Tumsifu Yesu Kristu.