MIAKA YA KAZI NI MALI YA MWALIMU



Tumesimama mbele yenu kusema juu ya walimu wa Tanzania waliofundisha miaka mingi katika shule za binafsi kisha wakaajiriwa na Serikali. Siku ya kuajiriwa hutazamwa elimu. Mwenye shahada huanzia ngazi ya TGTS D, mwenye stashahada TGTS C. Basi mtu aliyeshika chaki miaka kumi husimama mstari mmoja na kijana aliyetoka chuoni jana. Je, hiyo ndiyo haki?

Wapo wasemao kwamba kazi ya shule ya binafsi haikuwa kazi ya taifa. Tunawauliza: Mwalimu Nyerere alifundisha wapi? Alifundisha St. Mary's, Tabora, kisha Pugu mpaka 1955. Zote mbili zilikuwa shule za misheni, na hakuna aliyemwita mwalimu nusu.

Lakini mshahara ni shida ya leo. Shida ya uzeeni ni pensheni, nayo ina hesabu kali. Tangu 2018 mtumishi wa umma huchangia PSSSF, na wa sekta binafsi NSSF. Pasipo michango ya miezi 180 hakuna pensheni ya kila mwezi. Aliyetimiza, miezi yake hugawanywa kwa 580, kisha huzidishwa kwa wastani wa mshahara wa mwaka. Tuchukue mfano wa wastani wa shilingi 12,000,000. Miezi 240 huzaa kama shilingi 4,966,000 kwa mwaka. Miezi 360 huzaa kama 7,448,000, kabla ya kutoa fungu la mkupuo. Tazameni wenyewe thamani ya miaka kumi!

Tena mfuko hauhesabu vipindi darasani, unahesabu michango. Mwenye shule akimkata mwalimu asilimia 10 asiipeleke NSSF, pamoja na sehemu yake mwenyewe, amemwibia fedha na miezi pia. Wizi huu hauonekani mpaka mtu anapofika miaka 60, na shule yenyewe pengine imekwisha fungwa.

Hatuombi sadaka. Tunataka utumishi uliothibitishwa wa shule iliyosajiliwa uhesabiwe katika kupanga ngazi ya mshahara. Na mwenye miezi 100 NSSF na 120 PSSSF amefanya kazi miezi 220, adai ijumlishwe. Kila mwalimu aliye hapa aombe taarifa ya michango yake mwezi huu, aisome mwezi kwa mwezi, na penye pengo apeleke hati zake za mshahara kwenye ofisi ya mfuko mapema, wakati mwajiri bado anapatikana.