Kosa la Kudai kwa Pamoja



Tumeombwa tuzungumze juu ya vyama vya wafanyakazi, nasi tumewachagua mafundi viatu wa Marekani. Katika kesi zao sheria ililazimika kujibu swali zito: je, jambo ambalo mtu mmoja ana ruhusa ya kulitenda hugeuka uhalifu likitendwa na wengi?

Mafundi wa Philadelphia waliunda chama chao mwaka 1794. Mwaka 1805 waligoma wakidai nyongeza ya ujira, na mwaka 1806 wanane wao wakashitakiwa kwa njama. Sheria iliyotumika ilikuwa ile ya Kiingereza isiyotungwa na bunge bali na maamuzi ya majaji, ileile iliyotufikia sisi kwa merikebu za wakoloni. Raia kumi na wawili walioketi kuamua waliambiwa kwamba wafanyakazi wakiungana ili waongezewe ujira, sheria huwalaani, hata kama wanatafuta faida yao tu. Kila mmoja alitozwa dola 8 pamoja na gharama za kesi.

Zamu ya Boston ikafuata. Mwanachama mmoja alivunja kanuni za chama cha mafundi viatu, akatozwa faini, akakataa kuilipa. Wenzake wakakataa kufanya kazi pamoja naye, na mwajiri akamwachisha. Mwaka 1840 mafundi saba walitiwa hatiani kwa njama. Wakili wao, Robert Rantoul, alikumbusha mahakama kwamba mawakili wa Boston nao walikuwa na chama, kanuni na viwango vya ada walivyokubaliana. Hapo sisi wanasheria hatuna budi kuinamisha macho.

Walikata rufani. Machi 1842 Jaji Mkuu wa Massachusetts, Lemuel Shaw, aliamua kwamba kuungana si kosa, ila lengo liwe la uhalifu au njia ziwe za uhalifu. Na mtu asiyefungwa na mkataba yu huru kuchagua amfanyie nani kazi.

Vita havikwisha. Kuelekea mwisho wa karne ile mahakama za Marekani zilizima migomo kwa amri za kuzuia. Lakini katika Massachusetts mwendesha mashitaka alipaswa sasa kuonyesha kosa lenyewe; kuonyesha kwamba mafundi walikutana na kukubaliana hakukutosha tena.