Kisu cha Nyama, Jikoni na Mezani

Leo tunazungumza juu ya kisu. Hasa vile visu vya kukatia nyama mezani, ambavyo wengi wetu hununua kwa ajili ya wageni, na baada ya mwezi mmoja vimeingia jikoni vinakata kila kitu, kuanzia kuku mbichi hadi mkate wa mtoto.

Tuanze sokoni. Muuzaji atakuambia, "Mama, hii ni stenlesi, haishiki kutu." Jirani naye atakuambia uijaribu kwa sumaku. Sumaku itakudanganya. Stenlesi ni chuma kilichochanganywa na kromiamu, angalau asilimia 10.5, nayo hufanya utando mwembamba usioonekana unaozuia kutu. Vijiko vingi huongezewa nikeli na sumaku haivinasi. Kisu kinahitaji chuma kigumu zaidi ili kishike makali, kwa hivyo hata kisu kizuri cha stenlesi hunaswa na sumaku. Wewe tazama mpini. Usiwe unacheza, na pasiwe na ufa pale unapokutana na chuma. Ufa huo huficha mafuta na maji ya nyama, na brashi haifiki.

Je, ununue chenye meno au chenye makali laini? Chenye meno hukawia kuwa butu, lakini kikishakuwa butu huwezi kukinoa kwa jiwe nyumbani. Mimi ningechukua cha makali laini.

Sasa mama, hapa ndipo ningependa uongeze sauti ya redio. Kuku mbichi anaweza kuwa na vijidudu, kama vile salmonela na kampilobakta. Ukimpika hadi aive kabisa, vijidudu hivyo hufa. Lakini kachumbari haipikwi! Ukimkata kuku, ukapangusa kisu kwa kitambaa cha jikoni, kisha ukakata nyanya, umemwekea mtoto vijidudu kwenye sahani. Mtoto mdogo akiharisha na kutapika huishiwa na maji mwilini upesi sana, na anaweza kufa. Kata kachumbari kwanza, uiweke kando na kuifunika, ndipo umguse kuku. Kisha osha kisu, ubao na mikono yako kwa sabuni na maji safi. Kupangusa si kuosha.

Usikisugue kisu kwa waya wa kusugulia sufuria. Waya huo hukwaruza chuma na kuacha vipande vidogo vinavyoshika kutu, halafu unamlaumu muuzaji. Usikilaze usiku kucha kwenye maji ya chumvi au dawa ya klorini, maana hata stenlesi hutobolewa vitundu. Kioshe, kikaushe, basi. Na usikitumbukize ndani ya beseni la povu pamoja na vikombe. Msichana anayekusaidia kazi ataingiza mkono bila kukiona.

Wengine huogopa kunoa kisu kwa sababu ya watoto. Lakini kisu butu ndicho hukufanya ukandamize kwa nguvu, na kikiteleza kinaishia kidoleni. Kama huna jiwe la kunolea, yule fundi anayepita mtaani na baiskeli yake atakunolea.

Na mtu akijikata? Nimeona mtoto akiletwa kliniki kidole kimejazwa majani ya chai. Mama yake alitaka kuzuia damu, simlaumu, lakini ilitubidi tuyatoe punje kwa punje huku mtoto akilia. Usiweke majani ya chai, kahawa, mafuta ya taa wala udongo. Chukua kitambaa safi, kandamiza kwa dakika 10 bila kuchungulia, na uinue mkono juu. Damu ikitulia, osha kidonda kwa maji safi na sabuni. Ikiwa damu haikomi, kidonda ni kirefu, au kidole hakikunjiki, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mtaulizwa juu ya sindano ya pepopunda. Wengi hudhani pepopunda huletwa na kutu. La. Huletwa na vijidudu vinavyokaa kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, kwa hivyo hata kisu kinachong'aa kinaweza kuviingiza. Mtoto hupata kinga kwa chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Beba kile kijitabu chake cha kliniki ili mhudumu aone kama amekamilisha.

Usiku, kabla ya kulala, hesabu visu vyako na uviweke juu, mahali ambapo mtoto hafiki hata akipanda kiti. Kimoja kikikosekana, tazama kwanza kwenye ndoo ya maganda.

Juma lijalo tutazungumza juu ya maziwa na jinsi ya kuyahifadhi bila friji.