Kutoka Bunduki Hadi Kitabu cha Manunuzi

Ndugu viongozi wa komite, akina mama na akina baba mliohama makwenu,

Mmetuuliza: aliyekuwa mwanajeshi anaweza kupewa kazi ya kununua maharagwe na sabuni za watu? Swali ni la haki. Wengi wenu mlikimbia watu wenye sare.

Tunajibu: anaweza, ila asiwe peke yake. Aliyefanya kazi ya ugavi jeshini anajua kuhesabu mizigo na kutunza depo. Lakini jeshini amri haijadiliwi, na sokoni bei lazima ijadiliwe. Hilo inabidi alijifunze upya.

Tukumbuke: mwaka 2005 ujumbe wa Umoja wa Ulaya, EUSEC, ulianza kusaidia jeshi letu kutenganisha njia ya mshahara na njia ya amri, ili mkubwa anayeamuru asishike pesa za askari. Nasi tufanye vilevile. Anayeomba vitu asinunue, anayenunua asilipe, na anayepokea awe mtu mwingine. Bei ziulizwe kwa wachuuzi watatu, zisomwe mbele ya komite.

Tangu sheria ya Mei 2023 iliyounda akiba ya jeshi, tena tunamwomba aseme wazi kama ameandikishwa humo. Asije kazini na sare wala silaha. Siku akiitwa jeshini, aache kitabu na muhuri mezani.

Imani hairudi kwa maneno matupu. Itarudi kila gunia likihesabiwa mbele ya wenyewe.

Amani iwe nasi sote.