Wimbo wa Jumapili, Sala ya Jumatano
Mada iliyotolewa na wanakwaya waanzilishi siku ya tafakari ya kujiandaa kwa Jubilei





Kamati ya Jubilei ilituomba sisi tulioanza na kwaya hii tuseme neno juu ya sala katika maisha ya kila siku. Tulipokaa kupanga, tulikubaliana upesi kwamba hatutazungumzia sala za watawa. Wao wana kengele na ratiba, na wanatuombea, tunawashukuru. Sisi tumezungumzia mtu wa hapa kwetu. Saa 12 asubuhi yuko katikati ya majani chai, umande umemlowesha hadi kiunoni, kikapu kiko mgongoni, na vidole vinatafuta majani mawili na chipukizi. Jioni yuko kwenye kituo cha kununulia majani, anangoja lori la kiwanda ambalo huja linapotaka. Kuna na yule wa Tabaka anayechonga mawe mpaka nyusi zimekuwa nyeupe kwa vumbi, kuna mama wa ndizi pale Daraja Mbili, na kijana wa bodaboda wa Keroka. Hawa hawana nafasi ya kufungua kitabu. Basi wanasali kwa maneno gani?

Kwa miaka hii yote tumeona kwamba wengi wao wanasali kwa maneno waliyoyapata kanisani Jumapili, na hasa yale yaliyoimbwa. Mahubiri mazuri mtu huyasimulia Jumatatu, na kufikia Jumatano amebaki na kichekesho tu cha Padre. Wimbo hukaa. Hilo ndilo tunalotaka mlisikie leo: sisi wanakwaya tunapochagua nyimbo za Misa, tunawachagulia watu sala zao za wiki nzima, na wakati mwingine sala yao ya mwisho hapa duniani.

Tulikwenda kumwona mama mmoja wa kigango chetu akiwa amelazwa hospitali kule Kisii mjini. Alikuwa amekonda, na kusema kulimchosha. Tukamwuliza tumwimbie wimbo gani, tukidhani atataja mojawapo ya zile nyimbo kubwa za sherehe, za kupiga makofi. Akaomba kiitikio cha Zaburi 130. Ni mstari mmoja. Tulikuwa tumeuimba Jumapili baada ya Jumapili Kwaresima nzima, hata vijana wakanung'unika kwamba umewachosha. Akatuambia kuwa kila anapochomwa sindano anautamka mstari huo taratibu, na ukiisha, sindano nayo imeisha. Tukauimba. Kitanda cha pili alikuwepo mama Msabato, na tulipourudia mara ya pili tayari alikuwa ameshika alto yake safi kabisa. (Wasabato wa Gusii, tuseme ukweli, wanajua sauti nne. Wa tenori wetu waende wakajifunze.) Mama yetu hakutoka hospitalini akiwa hai. Tulipomzika nyumbani kwake tuliimba wimbo uleule, na wajukuu wake waliujua, maana alikuwa akiuimba jikoni.

Kwenye fulana zetu za Jubilei tumechapa ule msemo kwamba aimbaye vizuri husali mara mbili, na chini yake jina la Mtakatifu Augustino. Wanaosoma vitabu vyake wanasema maneno hayo hayapatikani humo kwa namna hiyo. Hatusemi fulana zirudishwe! Lakini kuna jambo jingine ambalo Augustino, Mwafrika wa kaskazini, aliliandika kweli. Katika barua kwa mjane mmoja aitwaye Proba, aliyetaka kufundishwa kusali, anawataja watawa wa Misri waliokuwa na sala fupi fupi, za mara kwa mara, zinazorushwa upesi kama mishale. Fupi, ili moyo usipoe katikati. Hiyo ni sala ya mtu mwenye kikapu mgongoni. Kiitikio cha zaburi ni mshale wa namna hiyo, na sisi ndio tunaompa mtu mishale yake.

Rozari nayo ilikua kwa njia hiyo. Zaburi ni 150, na mtu asiyejua kusoma hakuweza kuzishika zote. Akapewa Salamu Maria 150, zikahesabiwa kwa shanga, ikawa zaburi ya wasiosoma. Papa Yohane Paulo wa Pili alipoongeza Matendo ya Mwanga mwaka 2002, hesabu ilifika 200, lakini mwendo ni uleule: maneno machache, yanarudiwa, mikono ikiendelea na kazi au ikingoja. Rozari ya makumi matano humalizika kwa dakika 20 hivi. Ni nani kati yenu amewahi kungoja lori la majani chai kwa muda mfupi zaidi ya huo?

Na tukitaja majani chai, tuutaje mwezi wa Oktoba. Kanisa limeuweka kuwa mwezi wa Rozari, na jumuiya zetu huizungusha nyumba kwa nyumba. Ni huohuo mwezi ambao kwa kawaida bonasi ya majani huingia. Kila mtu hapa anajua Oktoba ilivyo katika Kisii na Nyamira: kuna nyumba zinazopata mabati mapya na karo ya muhula, na kuna nyumba ambazo baba haonekani siku tatu. Mama anapopiga magoti na shanga mkononi wiki ile, anaomba kitu anachokijua kwa jina. Sala ya kila siku tunayoisema ndiyo hiyo. Haiko mbali na pesa, wala na ugomvi wa mpaka wa shamba, wala na mtoto aliyemaliza kidato cha nne na hana la kufanya. Jumuiya inayofika nyumba ile jioni ile na kusali na watoto, bila kuuliza maswali, imefanya kazi kubwa.

Sasa tuwarudie wanakwaya. Wamisionari wa Mill Hill walipofika Nyabururu mwanzoni mwa karne iliyopita, Misa ilikuwa kwa Kilatini. Bibi zetu waliimba Tantum Ergo na Salve Regina bila kitabu na bila kujua maana ya kila neno, na baadhi yao waliziimba hadi uzeeni. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati juu ya Liturujia, iitwayo Sacrosanctum Concilium. Jimbo letu la Kisii, lililoundwa mwaka 1960, lilikuwa bado changa kabisa, chini ya Askofu wake wa kwanza, Maurice Otunga, aliyekuja kuwa Kardinali. Hati ile ilifungua mlango kwa lugha za watu na kuheshimu muziki wao. Ndiyo maana leo tunaimba Kiswahili na Ekegusii, na obokano yenye nyuzi nane inaweza kusikika karibu na altare bila mtu kushtuka.

Lakini kifungu cha 114 cha hati hiyo kina pande mbili, na upande wa pili husahaulika. Kinasema kwaya zikuzwe kwa bidii. Kisha kinawataka wachungaji wahakikishe kwamba waamini wote wanashiriki kuimba sehemu iliyo yao. Kwaya haikuwekwa ili watu wanyamaze. Siku hizi kuna kishawishi kwa kwaya zote: kuwa na wimbo mpya kila Jumapili, wenye vipande vigumu, kinanda kiko juu, na waamini wamesimama na simu wakirekodi. Nyimbo nzuri hazikosekani. Tunashukuru sana watunzi wa Tanzania kama John Mgandu na Bernard Mukasa, ambao Gusii nzima inawaimba. Hata hivyo wimbo mzuri ulioimbwa mara moja haumsaidii mtu wa wodini. Unamsaidia akiwa ameurudia mpaka umeingia katika damu. Maoni yetu, na wengine wenu mtatupinga wakati wa chai, ni kwamba kurudia si uvivu wa mwalimu wa kwaya.

Kanisa lenyewe limetuwekea njia. Kitabu cha masomo kina zaburi za majira, zinazoweza kuimbwa badala ya zaburi ya siku: Majilio kuna ya 25 na ya 85, na Kwaresima kuna ya 51, ya 91 na hiyo ya 130. Kwa hiyo, tukikaa na kiitikio kimoja kwa majira yote hatuvunji utaratibu wowote.

Tumeshaongea na Baba Paroko na mwalimu wa kwaya, na mambo mawili yamekubaliwa. La kwanza ni la mazoezi. Siku zote tumeanza na solfa. Kuanzia sasa Jumanne tutaanza na Malaika wa Bwana, sala ya saa 12 asubuhi, saa 6 mchana na saa 12 jioni. Rimu ya lori iliyotundikwa mtini itagongwa saa 12 jioni kamili, ili hata aliye shambani asikie na kusimama. Vijana wawili wamejitolea kuigonga na siku nyingine pia, tuone watafika wapi.

La pili ni kwamba Majilio haya yote tutaimba kiitikio cha Zaburi 25, na kila jumuiya itafundishwa na mwanakwaya anayeishi humo, kwa mdomo, pamoja na wazee wasiosoma. Walio na wagonjwa nyumbani watuambie, tutakuja kuwafundisha kitandani. Karatasi za noti ziko kwa katibu. Jumuiya ambayo haijapata mwanakwaya wa kuifundisha imwone baada ya Misa, kabla hajaondoka na matatu ya saa 7.