Sindano ya Plazima kwa Upara wa Kurithi



Upara wa kurithi huwapata wanaume na wanawake. Mojawapo ya tiba zake ni sindano ya plazima. Mtaalamu hukutoa damu mkononi, huizungusha kwa kasi kwenye mashine, hutenga plazima, yaani sehemu ya majimaji yenye chembe nyingi za kugandisha damu, kisha huidunga kichwani kidogo kidogo. Kwa kawaida hurudiwa kila mwezi, mara 3 hivi. Huweza kusaidia nywele zilizoanza kupungua. Kwenye kipara cha siku nyingi, nywele hazitarajiwi kuota tena.

Usikubali kudungwa saluni. Mwaka 2024, mamlaka za afya Marekani zilieleza jinsi wanawake walivyoambukizwa VVU baada ya kufanyiwa huduma ya plazima usoni kwenye saluni isiyo na leseni.

Kabla hujalipa, pimwa kwanza. Mapunye, upungufu wa madini ya chuma na misuko ya kukaza navyo hunyonyoa nywele, na tiba zake ni tofauti. Anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe. Ikibidi, omba rufaa kwa wataalamu wa ngozi wa hospitali ya KCMC, Moshi.